Mume Wangu Johannes Alinikamilisha: Jan van Eyck na Picha ya Mke Wake



Muhula uliopita mwalimu wetu wa Kilatini aliandika ubaoni sentensi mbili fupi, akatutaka tuzitafsiri bila kufungua kamusi: Coniunx meus Johannes me complevit anno 1439, 17 Junii. Aetas mea triginta trium annorum. Sarufi yake si ngumu. Coniunx ni mwenzi wa ndoa, na lile neno meus linatuonyesha kuwa ni mwenzi wa kiume, yaani mume. "Mume wangu Johannes alinikamilisha mwaka 1439, tarehe 17 Juni. Umri wangu ni miaka 33."

Kazi ilianza alipouliza: nani anasema? Frateri mmoja akajibu kwamba ni mama fulani anayesimulia ndoa yake. Mwingine, ambaye hupenda kuona fumbo kila mahali, akasema ni Kanisa, bibi arusi wa Kristo, na kwamba ile 33 ni miaka ya Bwana wetu hapa duniani. Mwalimu akacheka sana. Kisha akatuambia kwamba anayesema ni kipande cha mbao.

Maneno hayo yameandikwa kwenye fremu ya picha ambayo mchoraji Jan van Eyck alimchora mke wake, katika mji wa Bruges, nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Ni picha ndogo, kama sentimita 33 kwa 26, haizidi sana ukubwa wa kitabu cha masomo ya Misa kinachowekwa kwenye mimbari. Nimekaa nayo miezi kadhaa, kwa nakala iliyochapishwa katika kitabu cha maktaba yetu, na ningependa kushirikisha nilichojifunza. Mimi si mchoraji. Ninasoma falsafa, na picha hii imenisumbua kama swali la falsafa linavyosumbua.

Kwanza tumtazame mama mwenyewe. Amevaa gauni jekundu la sufu lenye manyoya ya kijivu kwenye shingo na mikono, na mshipi wa kijani umefungwa juu, chini kidogo ya kifua. Nywele zake zimekunjwa pande mbili za kichwa kama pembe mbili ndogo, zimefunikwa kwa wavu, na juu yake kuna ushungi mweupe wenye marinda madogo madogo kwenye pindo, tabaka juu ya tabaka. Nyuma yake ni giza tupu. Hakuna dirisha, hakuna kiti, hakuna hata ukuta. Uso umegeuka upande kidogo lakini macho yanakutazama wewe moja kwa moja. Midomo ni myembamba na imefungwa. Pua ni ndefu kidogo. Paji la uso ni pana mno, kwa sababu wanawake wa zama zile walinyoa nywele za mbele ili paji lionekane refu. Hatabasamu.

Nilipomwonyesha mwenzangu tunayekaa naye bweni moja, neno lake la kwanza lilikuwa: "Huyu mchoraji hakumpenda mkewe."

Hukumu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, kwa sababu naamini ni kinyume kabisa. Lakini ili kuliona hilo inabidi tujue picha ilitengenezwaje.

Msingi mweupe

Mafundi wa Flandria walianza na ubao wa mwaloni uliokaushwa vizuri. Juu yake walipaka tabaka kadhaa za chaki iliyosagwa na kuchanganywa na gundi ya ngozi za wanyama, wakaisugua mpaka ikawa laini na nyeupe kama ganda la yai. Juu ya weupe huo mchoraji alichora kwa mistari. Katika kazi nyingi za Van Eyck, mionzi ya infraredi inayopenya rangi imewaonyesha wataalamu michoro hiyo ya chini, na mara nyingi inaonekana alibadilisha mawazo njiani: mkono ukasogezwa, jicho likahamishwa, vazi likapunguzwa.

Kisha zikaja rangi za mafuta. Hapa nisahihishe jambo ambalo bado linarudiwa. Vasari, mwandishi Mwitalia, aliandika mwaka 1550 kwamba Jan van Eyck ndiye aliyevumbua uchoraji wa mafuta. Si kweli. Mwanzoni mwa karne ya 12 mmonaki mmoja aliyejiita Theophilus alikwisha kueleza namna ya kusaga rangi pamoja na mafuta ya mbegu za kitani. Van Eyck alikuta mafuta yapo. Alichofanya ni kuyatumia kwa subira na akili ambayo hakuna aliyeifikia kabla yake.

Wachoraji wengi wa wakati ule, hasa Italia, walichanganya rangi na kiini cha yai. Rangi ya yai hukauka kwa dakika chache, kwa hiyo huna nafasi ya kulainisha mpaka kati ya nuru na kivuli. Unaweka vistari vidogo vidogo kando kwa kando, ukitumaini jicho la mtazamaji litaviunganisha. Mafuta ya kitani ni kitu kingine. Hayakauki kwa kupoteza maji kama nguo kwenye kamba, bali kwa kuvuta hewa taratibu na kugeuka kuwa ngozi ngumu inayong'aa. Jambo hilo huchukua siku nyingi. Kabla hayajakauka unaweza kuunganisha shavu na kidevu bila alama ya mpaka, na yakishakauka unaweza kuweka tabaka jingine juu yake, jembamba sana, ambalo nuru inapita.

Ukitaka kuelewa hilo tabaka jembamba, usiende mbali, nenda bwalo la chakula. Mimina chai ya rangi kwenye kikombe cheupe. Karibu na ukingo, ambako chai ni kidogo, utaona rangi ya dhahabu. Ukiangalia katikati, kwenye kina, inakuwa nyekundu, halafu karibu nyeusi. Chai ni ile ile. Kinachobadilika ni kina chake, na kinachoifanya ing'ae ni weupe wa kikombe chini yake. Imimine chai hiyo hiyo kwenye sufuria lililoungua, haina rangi tena.

Ndivyo lilivyo gauni la mama huyu. Desturi ya mafundi hao ilikuwa kuweka chini rangi nyekundu nzito, kisha kuifunika kwa tabaka za rangi nyekundu inayopitisha nuru, iliyotokana na mimea au wadudu. Penye mkunjo wa nguo tabaka ziliongezwa, penye mwanga zilipunguzwa. Kwa hiyo kivuli hakikutengenezwa kwa kuongeza weusi. Kilitengenezwa kwa kuongeza wekundu juu ya wekundu mpaka nuru ikachoka njiani. Usoni ilikuwa kinyume: tabaka chache na nyembamba, ili weupe wa msingi urudi kupitia ngozi. Nuru inaingia, inagonga chaki, inarudi kwako. Ndiyo maana uso wake unaonekana kama una mwanga wa ndani ilhali jua linampiga kutoka nje.

Mtakatifu Tomaso anataja mambo matatu yanayohitajika katika uzuri: ukamilifu, ulinganifu na mng'ao, yaani integritas, proportio na claritas. Tulipofundishwa hayo niliandika kwenye daftari kwamba claritas ni "kung'aa", nikafunga daftari. Sikujua kung'aa kunatoka wapi. Sasa nikilisoma neno hilo nafikiria chaki iliyo chini ya rangi.

Kipimo kilichovunjwa

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani Van Eyck ni kama kioo: anaona, anarudisha. Hapana. Ukipima kwa rula utagundua kichwa cha mama huyu ni kikubwa kupita kiasi kwa mabega aliyopewa. Mwili ni mwembamba na mdogo, kana kwamba umewekwa mbali kidogo kuliko uso. Paji la uso nalo limetandazwa kuliko inavyowezekana kwa uso uliogeuka upande. Mtu aliyeweza kuhesabu nyuzi za ushungi hakukosea jambo kubwa kama hilo kwa bahati mbaya. Alilitaka.

Angalia tena mistari. Ushungi unashuka pande mbili, shingo ya gauni inafanya umbo la V, mikono inakutana chini. Yote yanaelekeza jicho lako pale pale, usoni. Giza la nyuma linafanya kazi hiyo hiyo. Manyoya, marinda na mshipi, vyote vimechorwa kwa uangalifu wa ajabu, na bado havithubutu kushindana na uso. Naona huo ni utaratibu wa mtu anayejua ni nini kilicho kikubwa mbele yake na ni nini kilicho kidogo.

Nirudi kwa mwenzangu aliyesema mchoraji hakumpenda mkewe. Ushahidi wake ulikuwa kwamba hakumpendezesha. Nami nikamtafutia ushahidi mwingine. Mwaka ule ule, 1439, Van Eyck alichora picha ndogo zaidi, sentimita kama 19 kwa 12, ya Bikira Maria amesimama kando ya chemchemi akiwa amembeba Mtoto. Iko Antwerp. Uso wa Bikira Maria pale ni laini, umetulia, hauna hata alama moja ya mtu fulani. Ni uzuri wenyewe, bila jirani wala mtaa. Kwa hiyo mkono huu ulijua kulainisha. Ulikuwa na uwezo wote wa kumpa mke wake midomo mizuri zaidi na pua fupi zaidi, bila gharama yoyote, na wanawake wa Bruges wangemsifu. Haukufanya hivyo.

Kuna jambo jingine la kulinganisha. Mwaka 1428 bwana wake, Filipo Mwema, Mtawala wa Burgundia, alimtuma Jan pamoja na wajumbe wake hadi Ureno kumtazama binti mfalme Isabella, ambaye Filipo alifikiria kumwoa. Jan alimchora, na picha mbili zikatumwa Flandria, moja kwa njia ya bahari na nyingine kwa nchi kavu, ili hata moja ikipotea nyingine ifike. Ndoa ikafungwa mwaka 1430. Picha zile zilikuwa na kazi ya kumsaidia mtu aamue kama atamchukua mwanamke ambaye hajamwona. Picha ya 1439 haikuwa na uamuzi wowote wa kusaidia. Walikuwa wameoana miaka kadhaa, wana watoto. Mtawala mwenyewe alikuwa msimamizi wa ubatizo wa mtoto wao mwaka 1434 na akatoa zawadi ya vikombe sita vya fedha. Hakuna wa kushawishiwa, hakuna wa kufurahishwa. Alimchora ambaye tayari ni wake, na ambaye yeye mwenyewe tayari ni wa mama huyo.

Naomba msomaji aniruhusu nitoke kidogo. Wazazi wangu walipoadhimisha jubilei ya miaka 30 ya ndoa, tulichangishana tukawapeleka studio kupigwa picha. Tulipoichukua, ilikuwa imesafishwa kwa kompyuta. Mama hakuwa na kunyanzi hata moja, na lile kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, alilolipata akiwa msichana kwa kuanguka na ndoo kisimani, lilikuwa limefutwa. Baba aliishika picha kwa muda mrefu akaniuliza, "Baba, huyu aliyekaa na mimi hapa ni nani?" Mama akasema, "Ni mimi, Baba Agnesi, nimetengenezwa." Baba akasema, "Basi wamrudishe Mama Agnesi." Tulicheka sote. Lakini picha haikutundikwa sebuleni mpaka leo, iko kabatini, na nilikuwa sijaelewa kwa nini baba alichukia kiasi kile zawadi iliyotugharimu fedha nyingi. Kumbe kovu lile analijua kuliko mtu yeyote duniani.

Kumjua huyu

Sasa nifike kwenye swali la falsafa lililonisumbua. Tunafundishwa, tangu Aristotle, kwamba elimu inahusu yale yaliyo ya wote. Hakuna sayansi ya Petro. Ipo sayansi ya binadamu. Mtakatifu Tomaso anaongeza kwamba akili yetu hulifahamu moja kwa moja lile la jumla, na mtu mmoja mmoja huyafikia kwa njia ya mzunguko, kwa kurudi kwenye picha ambazo hisi zimetuachia. Nikisema "mwanamke, miaka 33, mke wa fundi, Mkristo, mkazi wa Bruges," nimesema mambo matano ya kweli, na yote matano yangeweza kusemwa juu ya jirani yake. Ukiongeza la sita na la saba, bado. Dhana ni kama wavu wenye matundu: huyu mmoja anapita katikati.

Yohane Duns Scotus, Mfransisko aliyefariki mwaka 1308, aliona tatizo hili akalipa jina. Alisema kila kiumbe, pamoja na kuwa na asili ya aina yake, kina kitu kinachokifanya kuwa hiki na si kingine, na wafuasi wake wakakiita haecceitas. Kwa Kiswahili nimejaribu kusema "uhuyu". Walimu wetu ni watu wa Tomaso na neno hilo halikupokelewa kwa shangwe, nami sitaki kuanzisha ugomvi wa mashirika katika gazeti la seminari. Nasema tu kwamba ukikaa mbele ya picha hii unajua Scotus alikuwa anatafuta nini.

Maana tazama jambo la kushangaza: jina lake halimo kwenye fremu. Limo la mume, na hata hilo ni la nyumbani tu, "Johannes", bila "de Eyck" aliloliandika kwenye kazi nyingine. Kwamba mama huyu aliitwa Margareta tunalijua kutoka nyaraka nyingine, na nyaraka hizo zimetuachia jina hilo la kwanza tu. Fremu imempa umri, tarehe, na neno "wangu". Hata hivyo hakuna anayeweza kumchanganya na mwingine. Kile ambacho dhana imeshindwa kukishika kimeshikwa na pua ndefu kidogo na midomo iliyofungwa. Zile "kasoro" ambazo mwenzangu alizitaja ndizo njia iliyomfikisha mchoraji kwa huyu.

Pia kuna hilo neno complevit. Wachoraji waliandika kwa kawaida me fecit, "alinifanya". Van Eyck naye aliandika hivyo kwenye picha ya mwanamume mwenye kilemba chekundu ya mwaka 1433, ambayo wengi wanaiona kuwa sura yake mwenyewe. Hapa ameandika "alinikamilisha". Sitaki kulibebesha neno zaidi ya uwezo wake; kwenye ile picha ya Bikira Maria ya 1439 ameyatumia maneno yote mawili, kufanya na kukamilisha, na huenda kwake ilikuwa desturi ya karakana tu. Ila anayesoma Tomaso atakumbuka kwamba integritas, lile sharti la kwanza la uzuri, pia linaitwa perfectio: kitu kuwa kimefika mwisho wake, hakipungukiwi. Na kwa picha ya mafuta kukamilisha si neno dogo. Kila tabaka linasubiri la chini yake likauke. Tarehe 17 Juni ni siku ambayo, baada ya wiki nyingi za kuweka na kungoja, mtu aliamua kwamba hakuna tena cha kuongeza.

Halafu, mwishoni kabisa mwa fremu, baada ya umri wa mke, yanakuja maneno matatu ya Kiflemi yaliyoandikwa kwa herufi za Kigiriki: Als ich can. "Kadiri niwezavyo." Aliyaweka kwenye kazi zake kadhaa, na wengi huyahusisha na msemo wa kwao unaosema mtu hufanya kadiri awezavyo, si kadiri atakavyo. Ndani yake kuna mchezo pia, kwa kuwa ich, "mimi", linakaribiana kwa sauti na Eyck. Kwenye ile picha ya 1433 maneno hayo yanaweza kusomeka kama majivuno ya fundi. Chini ya uso wa mke wake siwezi kuyasoma hivyo. Mtu aliyeishi na mwanamke huyu, aliyemtazama saa baada ya saa kwa jicho kali kuliko jicho lolote la Ulaya wakati ule, aliyeweza kuhesabu marinda ya ushungi wake, anamaliza kazi na kukiri kwamba hapa ndipo alipoweza kufika. Mwenzangu wa bwenini aliposikia hayo alinyamaza, kisha akasema bado angempunguzia paji la uso.

Jan van Eyck alifariki Bruges mwaka 1441, miaka miwili baada ya kuweka tarehe ile. Filipo Mwema alimpa mjane msaada wa fedha, na karibu mwaka 1450 akatoa sadaka ili binti yao Livina aingie kwenye konventi huko Maaseik, mji unaosadikiwa kuwa asili ya Jan. Picha ilibaki Bruges. Katika karne ya 18 ilikuwa mikononi mwa chama cha wachoraji cha mji huo, katika kikanisa chao, na leo iko katika makumbusho ya Groeningemuseum, ndani ya fremu ile ile, na mama Margareta bado anasema kwa Kilatini kwamba ana miaka 33.